Mfano wa Ndiva Yetu

Mimi nikikasirika nasikika mpaka stendi, na Same nzima inalijua hilo. Kwa hiyo siku ile nilipopiga yowe ndani ya intaneti kafe ya Salimu, watu hawakushtuka sana. Walidhani Veneranda amegombana na kompyuta tena.

Na kweli asubuhi nzima nilikuwa nagombana nayo. Mradi wa maji ulinipa kazi ya kutengeneza programu ya zamu za ndiva ya kijijini kwetu, juu milimani. Ndiva ni bwawa la kuchimbwa, limezungushiwa mawe na udongo. Maji ya kijito yanajaa humo usiku, asubuhi linafunguliwa, yanashuka kwa mfereji mpaka shamba la mwenye zamu. Mwenye zamu anaitwa kwa pembe. Pembe ikilia uwe umesimama mferejini na jembe lako mkononi. Usipoonekana, maji yanakwenda kwa anayefuata, hakuna kubembelezana. Wazee wetu wameendesha mambo hivyo kwa vichwa vyao tu, ila mradi ukataka kila kitu kiingie kwenye kompyuta, la sivyo saruji ya kukarabati ndiva haiji. Majina yaingizwe Jumamosi, wakasema, na yakishaingia ndiyo basi, hayabadilishwi.

Majina yote yalikuwa rahisi isipokuwa moja, la kaka yangu Yona.

Yona alikuwa mtu wa kompyuta kabla nchi haijazijua kompyuta. Alifanya kazi Dar es Salaam, kwenye chumba cha mashine cha shirika moja la umma. Shirika likauzwa kwa mwekezaji, watu wakapunguzwa, na yeye akarudi nyumbani na boksi la vitabu. Akamuoa Mwamvita, binti wa mkata mkonge aliyetoka Kigoma kuja kufanya kazi shamba la mkonge huku bondeni. Wakalima maharage msimu mmoja, wa pili jua likachoma kila kitu. Yona akaaga kwamba anakwenda Sauzi kutafuta maisha. Barua moja ilitoka Lusaka, na baada ya hapo kimya kama maji mtungini. Miaka ikaenda. Nami nikasomea kompyuta kwa sababu yake, nikidhani siku moja tutafanya kazi meza moja. Mwamvita akabaki na jembe.

Sasa wazee wa ukoo, wakiongozwa na baba mdogo Bartholomeo, walikuwa wameamua. Jumamosi asubuhi, kabla majina hayajaingizwa, matanga ya Yona yafanyike bila maiti. Yakishaanuliwa, shamba na zamu ya maji virudi ukooni, maana yake kwa Bartholomeo mwenyewe. Mwamvita arudi kwao, kwa kuwa hakuzaa.

Kwao wapi? Shamba la mkonge limeuzwa, kambi imebomolewa, baba yake amezikwa kule kule bondeni. Nilikuwa nalala na jambo hilo na kuamka nalo. Wifi yangu angefukuzwa kwa programu niliyoitengeneza mimi kwa mikono yangu.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo siku ile kwa Salimu. Programu ilikuwa imekwama mahali pamoja: zamu izunguke yenyewe, na mtu akikosa ipite kwa anayefuata bila kuvuruga wengine. Nikaingia mtandaoni kutafuta maelekezo. Jamani! Ukitaka kujua binadamu wana roho mbaya, tafuta maelekezo ya programu. Moja limeandikwa na mtu anayedhani unajua tayari. Jingine linakuambia soma sura inayofuata, na sura inayofuata inasema bado inaandaliwa. Nikampata mtu ameuliza swali langu hasa, neno kwa neno, nikashangilia. Chini yake ameandika mwenyewe, "Nimeshapata jibu, asanteni," na jibu lenyewe hakulisema. Nikamtukana kwa Chasu, lugha yetu Wapare, ili Mungu asielewe.

"Dada Vene, taratibu," Salimu akasema kutoka kaunta. "Hiyo kibodi naitegemea."

"Niache Salimu, leo nitamuua mtu."

Nikajaribu mara ya mwisho. Nikaandika kwa Kiingereza maneno matatu tu: maji, zamu, bwawa. Mtandao ukavuta, ukavuta, mpaka nikaanza kukusanya vitu vyangu. Halafu ukurasa ukafunguka, mweupe, hauna hata picha.

Nawaambieni sijawahi kusoma kitu kama kile. Ni mtu tu amejitolea kuandika maelekezo ya programu ile ile ninayoitumia, kwa Kiingereza chepesi. Anakuambia kwanza unataka kufanya nini, halafu kwa nini, halafu uandike nini. Anakuambia utakosea wapi na ukikosea utaona ujumbe gani. Mwisho wa kila sehemu ameandika: umekwama, niandikie, namjibu kila mtu. Nikajikuta natabasamu peke yangu. Nikasema moyoni, huyu mtu alilelewa.

Nikashuka kwenye mfano.

Mfano wake ulikuwa bwawa moja milimani ambalo wakulima wanagawana maji kwa zamu, wakiitwa kwa pembe. Nikasema aah, kumbe na wengine wanafanya hivi, pengine India huko. Chini yake kukawa na jedwali la majina. La kwanza Tumainieli. La pili Lukasi. La tatu Bartholomeo. La nne Eliamini. Na pembeni ya Lukasi ameandika maelezo: huyu anatangulia ingawa ni mdogo, kwa sababu mbuzi wake walivunja mfereji na amepewa kazi ya kuutengeneza kila asubuhi.

Mbuzi wa Lukasi! Mbuzi wa Lukasi walivunja mfereji wetu mimi nikiwa darasa la tano, na kweli mpaka leo anatangulia. Eliamini ni marehemu baba yangu. Na chini ya Eliamini, jina la tano, limeandikwa Yona.

Hapo ndipo nilipopiga yowe. Salimu aliruka kaunta akidhani nimepigwa shoti, akakimbilia swichi kuu.

"Usizime!" nikamkemea. "Ukizima nakuua kweli! Kaka yangu yumo humu!"

Nikarudi juu ya ukurasa kutafuta mwandishi. Y. Eliamini. Tarehe ya kurekebishwa ilikuwa mwezi ule ule. Nikakaa chini sakafuni, mtu mzima mimi, mwalimu wa kompyuta, mbele za wateja. Nikalia na kucheka kwa pamoja. Yuko hai! Yona yuko hai, anakula, anaandika, anafikiria mbuzi wa Lukasi!

Halafu hasira ikaja. Anamjibu kila mtu? Kila mtu! Mgeni wa Brazili akikwama, Yona anamwelekeza hatua kwa hatua kama anamlisha uji, na mama yetu hana hata mstari mmoja? Nikainuka, nikamwandikia pale pale. Yale niliyoandika siyarudii, yana matusi. Nikasema mimi Veneranda, mdogo wako, mama ni mzee, mkeo anafukuzwa Jumamosi, jibu leo. Nikatuma. Nikasubiri mpaka Salimu akafunga duka. Kesho yake nikarudi alfajiri, hakuna kitu. Amejitia hamnazo.

Nikachapisha ule ukurasa nikapanda nao mlimani.

Mama yangu Redempta alikuwa anachambua maharage uani pamoja na Mwamvita. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia mama, weka ungo chini. Nikawasomea, nikiwatafsiria. Nilipofika kwenye mbuzi, mama akashika mdomo. Nilipofika kwa Yona, ungo ulidondoka wenyewe, maharage yakatawanyika, na hakuna aliyeinama kuyaokota.

"Yu hai?" mama akauliza. "Vene, usinichezee mama yako. Yu hai?"

"Yu hai, mama. Mwezi huu huu kaandika."

Mama akainua mikono akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakachungulia. Uso wa Mwamvita ulikuwa umeparara. Akanyoosha mkono, akaichukua ile karatasi, akapitisha kidole kwenye jedwali, jina kwa jina, mpaka chini. Akarudia tena.

"Wifi," akasema, "mbona mbuzi wapo na mimi simo?"

Angenipiga kofi ingekuwa nafuu.

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kufuta machozi. Mama yangu akimaliza kulia amemaliza. "Umesema anajibu watu?"

"Anajibu wasiomhusu, mama. Mimi nimemwandikia, kanyamaza."

"Umemwandikia kama dada, na kwa mdomo huo wako. Anaona aibu, anajificha." Akakunja kanga yake vizuri. "Rudi mjini. Muulize kama mgeni. Muulize kazi. Mwambie kuna mtu katika zamu, pembe inalia miaka, haitiki. Kuna mwingine anaitika badala yake. Programu iandike jina la nani?"

Nikamtazama mama yangu kwa mshangao mkubwa. Mwanamke hajawahi kugusa kompyuta, na mimi mwenye cheti sikuwa nimefikiria hilo.

Nikashuka siku ile ile. Nikatumia anwani ya mradi, jina la mradi, Kiingereza cha ofisini. Mheshimiwa, tumefurahishwa na maelekezo yako, tuna swali moja. Nikauliza kama mama alivyosema. Nikatuma, nikaagiza chai na andazi, nikijua nitasubiri mpaka nichoke.

Andazi halijaisha, jibu likaingia.

Kwa dada yake kimya, kwa mgeni hata chai haijapoa! Nikalisoma nimeshika meza kwa mikono yote miwili. Alisema ni swali zuri na wengi hukosea hapo. Msilifute shamba, aliandika, shamba halikufanya kosa. Badilisheni jina. Nilikokulia mimi, zamu ni ya yule anayesimama mferejini pembe inapolia. Kama mtu haonekani kwa miaka na kuna mwingine anaitika, basi huyo anayeitika ndiye mwenye zamu, na mkiandika jina la asiyekuwepo mtakuwa mnaandika uongo. Mwisho akasema, nitumieni jedwali lenu mkishalikamilisha, nitawajaribia kama linazunguka vizuri.

Alijua? Hakujua? Mpaka leo sijui. Nililichapisha lile jibu, nikaikunja karatasi nikaificha kifuani.

Jumamosi ukoo ukakaa uani kwa mama. Tumainieli, mwenyekiti wa ndiva na mpiga pembe, alikuwepo kwa ajili ya majina. Laptopu ya mradi ilikuwa mapajani mwangu, ina chaji kidogo tu. Mwamvita alikaa nyuma kabisa, karibu na jiko, mikono yake ina udongo maana alitoka mferejini.

Baba mdogo Bartholomeo akasimama, akakohoa. "Ndugu zangu, mwanetu Yona ametutangulia. Tufanye heshima za mwisho, halafu mambo ya maji yaendelee."

"Shikamoo baba mdogo," nikasema.

"Marahaba."

"Huwezi kumfanyia matanga mtu aliyeandika juzi."

Nikawasomea ule ukurasa. Nilipotaja mbuzi, Lukasi mwenyewe akaruka kutoka kwenye benchi. "Hao ni mbuzi wangu! Wameingia Ulaya?" Watu wakapiga kelele, wanawake wakapiga vigelegele, mzee mmoja akaanza kuimba tenzi. Bartholomeo alibaki ameacha mdomo wazi kama mlango wa zizi. Nikajua tumeshinda. Nikamtazama Mwamvita nimkonyeze.

Mjinga mimi! Baba mdogo hakuwa mtu wa kuanguka mara moja. Akameza mate, akajikusanya, akatabasamu.

"Mungu ni mwema," akasema. "Kama mwanetu yu hai, basi mali ni yake, wala si ya mwanamke. Jina liandikwe Yona. Na kwa kuwa hayupo, mimi baba yake mdogo nitamtunzia shamba na zamu mpaka atakaporudi. Veneranda, andika."

Uwanja mzima ukatikisa kichwa kukubali. Akifa, Mwamvita anafukuzwa. Akiwa hai, Mwamvita anafukuzwa. Nilikuwa nimepanda na kushuka mlima, nimetukana, nimelia, kumbe namletea Bartholomeo kamba ya pili.

Ndipo nikaitoa karatasi kifuani. "Basi tumsikilize mwenye mali mwenyewe. Nimemuuliza Yona. Hili ni jibu lake."

Nikasoma polepole, Kiingereza chake kwanza ili wasiseme nimetunga, kisha Kiswahili. Nilipofika pale aliposema huyo anayeitika ndiye mwenye zamu, hakuna aliyesogea hata kidogo.

"Hayo ni mambo ya mashine," Bartholomeo akasema. Ila sauti ilikuwa imepungua.

Tumainieli alikuwa hajazungumza asubuhi nzima. Akaiweka pembe yake chini. "Bartholomeo, mimi ndiye ninayepuliza. Tangu Yona aondoke, pembe ya shamba lile ikilia nani anaitika? Wewe nimeshakuona?"

Bartholomeo akaangalia viatu vyake.

"Masika kaitika yeye," Tumainieli akaendelea. "Kiangazi kaitika yeye. Akiwa na homa kaitika. Hakuna siku maji ya shamba lile yamepita kwa mwingine. Hiyo si sheria ya mashine, ni sheria ya ndiva. Hata huyo kijana hakuisahau."

Mama akainuka, akaenda mpaka jikoni, akamshika Mwamvita mkono wenye udongo akamleta katikati. "Vene," akasema, "futa jina la mwanangu. Andika mke."

Nimewahi kufuta vitu vingi kwenye kompyuta. Kufuta zile herufi nne tu za jina la kaka yangu, vidole viligoma. Mama alisimama kando yangu akiangalia mpaka zote zikaondoka. Nikaandika Mwamvita. Nikahifadhi. Chaji ikaisha papo hapo, na mzee mmoja akasema huo ni muhuri.

Jumatatu nikamtumia mwandishi wetu jedwali lote, kama alivyoomba. Safari hii sikuficha kitu. Jina la ndiva, jina la kijiji, na mstari wa tano ukisomeka Mwamvita. Sikuongeza salamu wala tusi. Yeye anayemjibu kila mtu hakujibu. Wiki ile hakujibu, na mwezi ule hakujibu. Nikamlaani, nikachoka kumlaani, nikarudi kufundisha wanafunzi wangu.

Mvua za vuli zilipoanza, nikahitaji maelekezo yake tena, programu ilikuwa inasumbua kidogo. Nikaenda kwa Salimu nikaufungua ule ukurasa mweupe. Nikashuka kwenye mfano.

Tumainieli. Lukasi na mbuzi wake. Bartholomeo. Eliamini. Mstari wa tano: Mwamvita. Yona hayumo. Na pembeni ya jina la Mwamvita, pale ambapo hapakuwa na maelezo, ameandika kwa Kiingereza sentensi moja tu: huyu huitika daima, na mwandishi hana haki tena ya kudai zamu hapa.

Sikupiga yowe. Salimu mwenyewe akaja kuniuliza dada Vene vipi, mbona kimya, unaumwa? Nikamwomba anichapishie ukurasa.

Nilimkuta Mwamvita anapanda maharage. Nikampa karatasi, nikamtafsiria ule mstari. Akaishika kwa ncha za vidole asiichafue, akasoma jina lake. Machozi yalishuka, hakuyafuta.

"Sasa ananisoma kila mtu," akasema. "Na yeye hatarudi."

"Ndiyo, wifi. Naona hatarudi."

Akaikunja karatasi, akaichomeka kwenye pindo la kanga. Kisha akaniomba nimpokee mbegu, kwa sababu pembe ilikuwa inalia.